Lami Juu ya Kutu

Siku yangu ya kwanza katika yadi ya Kasese sikupewa nafasi ya kuvua koti. Nilifika saa mbili asubuhi na barua yangu mkononi, ndevu nimenyoa, viatu nimeving'arisha kama mtu anayekwenda kuapishwa. Fomeni, mkubwa wa mafundi, hakuitazama barua. Alitazama mikono yangu, akaigeuza juu na chini, kisha akanipa nyundo ndogo na bisibisi pana.

"Wewe ndiyo fundi ya jeshi?"

"Ndiyo, afande," nikajibu. Miaka ishirini katika karakana za jeshi ilikuwa imenizoesha kumjibu kila mkubwa hivyo.

"Hapa hakuna afande. Ingia chini ya ile lori, gonga yote, halafu kuja uniambie nini imekufa."

Niliingia. Lilikuwa lori la tani saba, bodi lake limepakwa rangi mpya ya buluu, linang'aa kwa jua. Nilipogonga boriti ya kwanza ya chasisi, kutu ilinidondokea usoni vipande vipande, vikubwa kama magamba ya samaki. Pigo la nne nyundo ikapita ndani. Nilitoka natema kutu, nikamwambia kwamba lori lile halifai kubeba hata kuku.

Fomeni akacheka hadi akashika kiuno. "Ilitoka kwa watu ya rangi jana! Mwenyewe amekuja kunionyesha vile iko muzuri."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, na mimi nilikuwa nimeshapita hamsini. Wengi katika umri huo hupunguza kazi. Mimi ndipo nilipoanza kazi ambayo imenifundisha kuliko zote, na iliyonitia hasira kuliko zote. Ninawaandikia ninyi mnaofungua gereji leo kando ya barabara ya Kasese na kule Bwera, na ninyi mnaonunua magari na kuulizana kama kupiga dawa ya kutu ni kutupa pesa au la. Mke wangu alinishauri ningoje hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Nimengoja miaka. Haikupoa.

Kampuni iliyoniajiri sitaitaja jina. Ilibeba vitu vitatu: chumvi kutoka Katwe, samaki kutoka Hamukungu, na kahawa na maharage kutoka mlimani. Chumvi hupenya gunia. Samaki hupakiwa na barafu, na barafu ikiyeyuka maji yake hupita katikati ya mbao za sakafu, yakadondoka juu ya chasisi. Chasisi ni ule uti wa mgongo wa gari, boriti mbili ndefu za chuma zinazobeba kila kitu, na ndani ya boriti hizo mna uwazi. Maji ya chumvi yakiingia mle ndani hayaonekani tena. Yanakaa, yanakula. Gari la mwalimu anayeishi mjini na kuendesha kwenda kanisani Jumapili laweza kukaa miaka mingi sana bila kuoza. Malori yetu yalianza kuoza kabla rangi ya mlangoni haijapauka.

Sasa nieleze jinsi Fomeni alivyotufundisha, kwa maana siku hizi naona watu wanauza makopo tu na kuita ni kazi.

Siku ya kwanza ni ya maji. Lori linapanda juu ya shimo la ukaguzi, linaoshwa chini kwa maji matamu ya mto, si mara moja, mara tatu. Fomeni alikuwa anachovya kidole katika maji yanayodondoka na kuyaonja. Ndiyo, kwa ulimi. Yakiwa bado na chumvi, tunaosha tena. Kisha tunazibua mashimo madogo yaliyo chini ya boriti, ambayo kiwanda kiliyaacha makusudi ili maji yatoke. Fundi akiziba shimo lile, ni kama ameziba mkojo wa mtu. Siku ya pili ni ya jua. Lori linakaa likikauka, na jua la Kasese mnalijua. Siku ya tatu ndiyo ya kukwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, kupaka rangi nyekundu ya msingi, na mwisho kuingiza nta ndani ya boriti. Nta tuliichemsha pamoja na oili nyepesi, tukaipuliza kwa kompresa kupitia mpira mrefu wenye pua ya shaba, mpaka tuone inadondoka upande wa pili. Nta haikauki kama rangi. Inabaki laini, inatambaa penye upenyo, na ukitaka kuona chuma chako unaifuta kwa kitambaa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kinga ya Fomeni haikumficha mtu chuma chake.

Siku tatu kwa kila lori, kabla ya kila msimu wa mvua. Mwenye kampuni, ambaye wote tulimwita Hajji, alinung'unika kidogo mwanzoni, kisha akanyamaza alipoona malori ya wenzake yanavunjika migongo na yake yanatembea. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa akipita yadini baada ya sala ya alasiri, anainama kidogo, anatazama miguu yetu inayochomoza chini ya magari, anaondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa miaka ile kama kazi hiyo ililipa, nakwambia ililipa. Niliona kwa macho yangu.

Kisha Fomeni akaugua macho, akarudi kwao Bwera. Hajji naye akazeeka, akakabidhi shughuli kwa mtu mwingine, na huyo akaja na cheo kipya: Meneja wa Usafiri. Alikuwa kijana wa makamo, msafi, mwenye adabu, na simu mbili. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemwelewa. Huyu alikuwa mtu wa karatasi. Alibandika ukutani chati ya malori yote, na kila lori lililosimama alilichora kwa wino mwekundu. Siku zetu tatu za kuosha na kukausha zilikuwa nyekundu tupu.

Asubuhi moja alikuja yadini na mgeni kutoka Kampala aliyevaa ovaroli nyeupe isiyo na hata tone la oili. Nyuma ya pikapu yao mlikuwa na mapipa ya kitu cheusi kinachonuka lami.

"Mzee Baluku," Meneja akaniambia, "huyu ni mtaalamu. Dawa yake inapigwa dakika arobaini. Kinga ya miaka kumi, na cheti anatoa."

"Ataosha saa ngapi?" nikauliza.

Mtaalamu akatabasamu. "Mzee, hii dawa inashika juu ya kitu chochote."

"Juu ya matope pia?"

"Chochote."

"Juu ya chumvi?"

"Mzee," Meneja akaingilia, "hii ni teknolojia. Wewe umefanya vizuri kwa njia za zamani, tunashukuru."

Nilisimama palepale nikawaona wakipuliza ile lami juu ya matope ya Hamukungu, juu ya magamba ya kutu, juu ya mashimo ya kutolea maji. Dakika arobaini kweli. Malori yote kumi na moja yalimalizika kwa siku mbili, na chini yakawa meusi, laini, yanapendeza kama viatu vya bwana harusi. Wakabandika kwenye kila kioo cha mbele karatasi ya dhahabu yenye maneno ya kujisifu. Nikamwendea Meneja ofisini, nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza sasa: kutu ni kama kidonda, ukikifunga kikiwa na uchafu kinaoza ndani. Maji yakishaingia na njia ya kutoka imezibwa, boriti inageuka kuwa chungu cha maji. Nikamwambia heri asipige kitu kabisa, abaki na pesa zake, kwa sababu chuma kilicho wazi angalau unaona kinapooza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, Bwera wanahitaji fundi."

Hivyo ndivyo nilivyopelekwa Bwera.

Yadi ya Bwera ilikuwa ndogo, karibu na njia ya kwenda mpakani. Siku za soko ungesikia Lhukonzo, Luganda na Kiswahili cha Kongo katika sentensi moja. Nilipewa malori mawili ya kutunza, na moja ni lile dogo la tani nne lililopanda Kyarumba kuchukua kahawa na maharage. Kule juu watu hushusha mizigo yao kwa kichwa kutoka vijia vya mlimani mpaka barabarani, na lori huwangoja.

Dereva wake aliitwa Masereka. Miaka thelathini hivi, mrefu, mcheshi, baba wa watoto wawili. Alikulia karibu na mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule. Alilipenda lile lori kuliko mwenye kampuni alivyolipenda. Alilifuta taa kila asubuhi kwa kanga ya mkewe, na mkewe alikuja yadini mara moja kumgombeza kwa sababu hiyo, tukacheka wote.

Abiria wake wa kila wiki alikuwa Mama Biira, mchuuzi wa maharage sokoni Bwera. Mama huyu alikuwa mnene, mwenye sauti, na alikataa kukaa nyuma juu ya magunia kama wengine. "Mimi ni mzigo wa mbele," alikuwa akisema, na Masereka alimfungulia mlango wa kabini kama waziri. Mimi aliniita shemeji, kwa kuwa mke wangu ni wa ukoo wao.

Masika moja Masereka alikuja akakaa karibu nami kwenye benchi la kazi.

"Mzee, hii gari inacheza nyuma."

"Inacheza namna gani?"

"Nikikata kona, mbele inaenda, nyuma inakuja kisha, kama iko na kichwa yake yenyewe. Mi naogopa."

Nikaingia chini. Kila kitu kilikuwa cheusi na laini. Nikagonga kwa nyundo penye kishikio cha springi ya nyuma, yaani kile chuma kinachoiunganisha springi na chasisi. Chuma kizima kinalia. Hiki kilitoa sauti ya boga. Nikachukua bisibisi ili nikwangue ile lami nione, na kabla sijafika mbali nikakumbuka agizo lililobandikwa kwenye kila kabini: asikwangue mtu. Nikampigia simu Meneja kwanza.

"Usitoboe kinga, Mzee!" akasema. "Ukitoboa, dhamana ya miaka kumi imekufa. Na hilo litakuwa juu yako."

"Bwana Meneja, chuma hakilii."

"Umeona ufa?"

"Nitauonaje? Umefunikwa."

"Basi hujauona. Jaza kadi, gari itoke. Kahawa inalowa huko."

Kadi ilikuwa karatasi ya kila mwezi. Ina mistari ya breki, matairi, taa, na mstari mmoja umeandikwa chasisi. Ukiandika neno "nzima" na kutia saini, gari linatoka. Niliishika ile kadi kwa muda mrefu. Masereka alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu kustaafu. Nilikuwa tayari nimehamishwa mara moja kwa kusema. Nikaandika: nzima. Nikatia saini, Baluku, kwa mwandiko mzuri.

"Enda polepole," nikamwambia.

"Iko sawa, Mzee?"

"Enda polepole tu."

Sikumjibu. Mnaona? Aliuliza swali moja na sikumjibu. Hasira yangu kwa Meneja ni kubwa, lakini iko nyingine chini yake, na hiyo ina jina langu.

Lori lilianguka siku ya tisa baadaye, likishuka kutoka Kyarumba na magunia ya kahawa. Kishikio cha springi kiling'oka pamoja na kipande cha boriti. Ekseli ya nyuma, inayobeba magurudumu, ikageuka kando, lori likalala ubavu, likateleza mpaka kwenye mtaro wa mawe. Masereka alivunjika mguu wa kulia mahali pawili. Mama Biira alikufa palepale, mbele, katika kiti chake.

Nilikwenda mazikoni. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na migomba. Binti yake mkubwa alikuja na sahani ya matoke na maharage, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya, akasema, "Baba, kula, umetoka mbali." Hakujua mimi ni nani. Nilikula. Sijui nilimezaje, lakini kukataa chakula cha msiba kwa mkono wa mtoto yule sikuweza.

Masereka walimshtaki kwa kuua kwa uzembe barabarani. Alilazwa mguu ukiwa umening'inizwa na mkono umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Nilipoingia wodini aligeuza uso ukutani.

"Masereka."

Bila kugeuka akasema: "Polisi beko nasema nilikimbiza gari. Beko na karatasi. Cheti ya Kampala, na kadi. Waliisoma hapa, mbele ya bibi yangu. Chasisi, nzima. Mzee Baluku."

Nikatoka.

Mabaki ya lori yalikuwa yameletwa yadini Bwera. Siku iliyofuata, mapema, nilichukua grinda, mashine ya kukatia chuma, nikaikata ile boriti upande wa chini. Kabla diski yake haijapita nusu, maji yalianza kutoka. Maji ya kahawia, mazito, yenye harufu. Maji ya miezi mingi yalikuwa yamefungiwa mle na ile lami. Nilipoifungua boriti, chuma cha unene wa kidole kilikuwa kimekuwa kama mkate uliolowa. Ngozi nyeusi kwa nje ilikuwa nzima, bila mkwaruzo. Kinga ilikuwa imejikinga yenyewe.

Meneja akafika kabla ya saa nne. Sijui nani alimwambia. Alisimama mbali kidogo ili suruali isichafuke.

"Mzee, hii gari ni kielelezo cha kesi. Huruhusiwi kuikata."

"Na mtu aliye na pingu ni kielelezo cha nini?"

"Sikiliza. Umebakiza muda mfupi. Nenda nyumbani kwako Karusandara, pumzika, nitakuita kwa sherehe ya kukuaga. Dereva atapata wakili. Haya mambo yana wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

Akachezea simu. Nyuma yake nikaona gari la Hajji likiingia. Mzee yule hakuwa amefika Bwera kwa miaka. Alitembea taratibu na fimbo, akampita Meneja bila salamu, akaja mpaka kwenye boriti. Aliinama kwa shida. Akaingiza kidole katika ule uji wa kutu, akautazama, akaupangusa kwenye kanzu yake nyeupe, na alama ikabaki.

"Baluku, nilinunua nini?"

"Rangi, Hajji. Ulinunua rangi."

"Malori yote?"

"Yote kumi na moja."

Alisimama pale akipumua kwa kishindo. Nilingoja amgeukie Meneja, amtukane, ampige hata kwa fimbo. Alisema tu, "Yasimame yote leo," akarudi garini. Ndiyo, yalisimama. Lakini kuhusu barua ambayo kampuni ilikuwa imewaandikia polisi, kwamba gari lilikuwa zima na dereva ndiye aliyelikimbiza, hakusema neno. Aliondoka. Nilimheshimu Hajji miaka yangu yote ya kazi kwake, na siku ile nilimkasirikia mpaka meno yakauma.

Basi nikakitia kipande cha boriti ndani ya gunia la kahawa, nikapanda bodaboda mpaka kituoni. Mkaguzi wa magari wa polisi alikuwa mama mmoja mkavu, mwenye miwani. Nikakimwaga juu ya meza yake. Kutu ikatawanyika kwenye faili zake.

"Nini hii?"

"Chasisi nzima," nikasema. "Kadi iliyo katika faili yako inasema hivyo. Saini ni yangu, na ni uongo."

Akavua miwani. "Mzee, unajua unajishtaki?"

"Najua."

"Kaa chini. Anza mwanzo, na usiruke."

Nilimweleza kwa saa mbili. Kesho yake alikuja mwenyewe yadini, akavaa ovaroli, akalala chini ya mabaki yale na tochi. Alilala chini ya lile lori la pili la Bwera pia. Katika miaka yangu yote pale, alikuwa mkubwa wa kwanza, tangu Fomeni, niliyemwona mgongo wake ukigusa ardhi.

Mashtaka ya Masereka yalifutwa. Mimi nilisimama mbele ya hakimu, nikaonywa vikali kwa kutia saini ya uongo, nikatozwa faini. Hakimu aliniambia, "Mtu wa umri wako," na hakumaliza sentensi. Ningependa angemaliza. Kampuni iliniachisha kazi wiki hiyohiyo, bila sherehe. Meneja alisema mahakamani kwamba yeye si fundi, alitegemea saini ya fundi, na kwa karatasi alikuwa sahihi kila neno. Nasikia sasa yuko kampuni kubwa zaidi, mahali pengine. Mtaalamu wa Kampala simu yake haikupatikana, na ile dhamana ya miaka kumi haikuwa na anwani.

Kwa hiyo mkiniona natetemeka midomo gereji yenu ikiwa na tangazo la kinga ya miaka kumi kwa dakika arobaini, msidhani ni uzee.

Sasa naishi Karusandara, nalima mahindi, na watu bado huja na magari yao kuniuliza. Inafaa pesa, Mzee, au haifai? Nawajibu hivi. Kama gari lako ni la mjini, halibebi chumvi wala samaki, lioshe chini mara kwa mara, zibua mashimo yake, baki na pesa yako. Kama linafanya kazi ziwani au linabeba chumvi, kinga inafaa, na inafaa sana, ilimradi aliyeiweka ameosha, amekausha, amekwangua, ameingiza nta ndani ya uwazi, na mwaka ujao atarudia. Akikataa kukuonyesha chuma kabla ya kupaka, mkimbie. Akikwambia usikwangue baadaye, mkimbie zaidi. Na kama huna pesa ya kazi nzima, usifanye nusu. Nusu ndiyo iliyomuua shemeji yangu.

Na ninyi mafundi, mstari wa chasisi kwenye kadi ni mstari wenu peke yenu. Meneja hana kalamu pale. Mimi niliigeuza kalamu yangu kuwa yake, na hakuna aliyenishika mkono.

Masereka sikumwona kwa muda mrefu. Niliwahi kutuma salamu kupitia kwa mkewe, hazikurudi. Halafu mwaka jana, siku moja kabla ya mchana, gari dogo la kubeba abiria likaingia njia yangu na kusimama kwenye mahindi. Alishuka akitangulia na mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia. Hakunisalimu kwa jina wala kwa cheo.

"Nataka kununua hii. Mwenyewe iko Bwera, ananingoja jibu. Anasema chini ilipigwa dawa."

Nikachungulia. Nyeusi, laini.

"Nitaikwangua," nikasema.

"Hapana. Utanionyesha wapi, na mi mwenyewe nakwangua. Nataka kuona kwa macho yangu."

Akalala chini kwa shida, mguu mbovu umenyooka kando. Mimi nikalala upande wa pili. Mgongo wangu haupendi tena mambo hayo. Nilimwonyesha pa kuanzia: vishikio vya springi, kisha chini ya mlango, kisha pale boriti inapopinda juu ya ekseli. Alikwangua kwa subira, kila mahali nilipoelekeza, na pale boriti inapopinda lami ilitoka pamoja na chuma, kipande kikubwa kama kiganja. Akakishika mbele ya macho yake. Akaingiza vidole viwili katika tundu, akavitoa vimelowa.

Alijivuta nje, akakaa juu ya udongo, akatoa simu. Nilikuwa bado chini ya gari, nikimwona viatu tu, lakini sauti niliisikia vizuri, na nadhani hata jirani aliisikia.

"Wewe mutu! Unataka kuua watu? Chasisi imeoza! Hapana, usiniambie dawa, dawa gani? Mi niko na kipande mu mkono hapa! ... Nani anasema? Mi nasema! Nimeona! Na fundi yangu iko hapa, ameona pia. Ndiyo, fundi yangu. Kuja uchukue takataka yako!"